Playfair Display: fonti ya majalada na kadi za harusi

Anayetengeneza kadi za mwaliko, majalada ya vitabu au menyu za mgahawa huenda ameshaitumia Playfair Display bila kulijua jina lake, kwa sababu ni ya bure na imeenea katika programu za usanifu za kompyuta na za simu. Ilisanifiwa na Claus Eggers Sørensen, raia wa Denmark, na imo katika Google Fonts, maktaba ya mtandaoni ya fonti za bure, tangu mwaka 2011. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa fonti zinazokipendeza mno Kiswahili kinapoandikwa kwa maandishi makubwa, ila ina masharti yake, na anayeyapuuza huharibu kazi.

Umbo lake lina asili ya Ulaya ya mwishoni mwa karne ya 18, pale kalamu za manyoya zenye ncha pana zilipoanza kuzipisha kalamu za chuma zenye ncha kali. Kabla ya hapo John Baskerville, mchapaji wa Birmingham nchini Uingereza, alikuwa ameboresha wino na karatasi kiasi kwamba mistari myembamba iliweza kuchapwa bila kukatika. Kalamu ya ncha kali hutoa mstari mwembamba inapopanda na mnene inapokandamizwa ikishuka, na tofauti hiyo ndiyo roho ya fonti hii: nguzo za n, m na h ni nene, vipindo vinavyoziunganisha ni vyembamba kama unywele, na chini ya kila nguzo pamelazwa kijistari cha kuikalia.

Pambo lake kuu ni kitone cha mviringo kinachofunga ncha za herufi kama a, c, f, r na y. Hapo ndipo Kiswahili kinaponufaika, kwa kuwa maneno yetu yamejaa irabu a. Ukiandika “Karamu ya Harusi” utapata vitone saba katika mstari mmoja, vinne vya a, viwili vya r na kimoja cha y, na mstari mzima unapata mdundo ambao mchoraji hakulazimika kuuongezea ua wala utepe. Mkia wa Q unaosifiwa sana kwingine sisi hatuna haja nao. Alama ya & katika mtindo wa mlazo, kwa upande mwingine, inafaa sana kati ya majina ya bibi na bwana harusi, na ningeshauri ikuzwe kuliko majina yenyewe.

Herufi ndogo zake ni ndefu kwa kimo na mikia ya g na p ni mifupi, hivyo mistari miwili ya kichwa cha habari inaweza kusogezwa karibu bila kugongana. Uzito, yaani unene wa herufi, unaanzia wa kawaida, 400, hadi mzito kabisa, 900. Huo wa 900 ninautumia kwa maneno mafupi tu. Neno kama “Wanaharakati” likiandikwa hivyo hujaza upana wa jalada na kumchosha msomaji kabla hajafika mwisho wake. Zingatia pia ritifaa katika maneno kama ng’ombe: weka iliyopinda, kwani ile iliyonyooka huonekana kama msumari uliosahaulika.

Tatizo kubwa ni tarakimu. Fonti hii hutoa kwanza tarakimu za mtindo wa zamani, ambazo 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka chini ya mstari, 6 na 8 hupanda, na sifuri hufupika hadi kukaribia kufanana na herufi o. Ndani ya sentensi zinapendeza. Kwenye kadi ya mchango, ambako mtu anatakiwa kunakili namba ya simu ya mweka hazina ili atume fedha, ni balaa. Katika Microsoft Word unaweza kuchagua tarakimu za kimo kimoja kwenye mipangilio ya kina ya fonti, na programu kubwa za usanifu zina chaguo kama hilo. Ikiwa programu ya simu yako haina, andika namba kwa fonti nyingine na usione haya.

Sharti jingine ni ukubwa. Chini ya saizi 14 hivi nyuzi zake huanza kupotea, hasa kwenye karatasi ya bei nafuu, na maandishi meupe juu ya rangi nyeusi hupata shida zaidi kwa sababu wino huvuja na kuziba nafasi nyembamba. Kwa mihuri, fulana na mabango ya kusomwa na abiria walio ndani ya daladala, siipendekezi isipokuwa katika uzito wa 700 na kuendelea. Aya ndefu ziachie fonti ya Georgia, ambayo inaendana nayo vizuri, au tumia dada yake aitwaye Playfair, ambaye umbo lake hubadilika kulingana na saizi ili mistari myembamba inenepe maandishi yanapokuwa madogo.

Leseni yake, SIL Open Font License, inaruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo, kwa hiyo duka la stashonari linaweza kuuza kadi zilizoandikwa kwa fonti hii bila hofu. Kilichokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.