Heir Hunters: nilikipenda hiki kipindi, sasa kinanipandisha hasira

Nilikuwa nakipenda hiki kipindi cha BBC kupita kiasi, nisiwadanganye. Kilianza 2007, kilikuwa kinaonyeshwa asubuhi, na mimi na mama mkwe tumekiangalia mpaka vipindi vingine tunavirudia tukijua kabisa nani ataibuka kuwa mrithi. Sasa hivi nikisikia tu muziki wake natafuta rimoti, na nitawaambia kwanini.

Kwa ambaye hajakiona: mtu anafariki Uingereza, hakuacha wosia, ndugu hawajulikani, jina lake linawekwa kwenye orodha ya serikali ya mali zisizo na wenyewe. Hapo makampuni ya kutafuta warithi kwa kamisheni yanaanza kukimbizana. Enzi zile orodha ilikuwa inatoka Alhamisi, unawaona watu wako ofisini alfajiri wanapekua rejesta za vizazi na ndoa, za England na Wales zinaanzia 1837, wanaingia kwenye sensa za zamani, mwingine yuko barabarani ndani ya gari anasubiri aambiwe akagonge mlango gani kabla kampuni nyingine haijafika. Wakimpata binamu ambaye hata hakujua marehemu yupo duniani, wanakaa sebuleni, picha za zamani zinatolewa, machozi. Na mimi nilikuwa nalia nao, kwa moyo wangu wote.

Basi siku moja simu ikaita kwa mama mkwe. Nikapokea mimi kwa sababu masikio yake hayako vizuri. Kijana mwenye sauti laini, anatoka kampuni ya kutafuta warithi, anasema kuna mirathi na huenda mama ana haki. Nikafurahi jamani, nikamwambia mama ni kama kwenye kipindi! Nikauliza marehemu ni nani. Hawezi kusema mpaka mkataba usainiwe. Nikauliza wanachukua kiasi gani. Eti ni asilimia ya kawaida. Kawaida ni ngapi? Kimya kidogo, halafu sauti ikabadilika, akaniuliza mimi ni nani kwake, nikasema mkwe, mke wa mwanae. Akasema, "Wewe si wa damu, mpe simu mtu wa damu."

Hivi mnaelewa? Mimi ndo ninayempeleka huyu mama hospitali, mimi ndo najua dawa zake, usiku akianguka ni mimi. Nimeambiwa si wa damu na mtu ambaye hajawahi hata kuniona, na mimi namuuliza swali la pesa za mama ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Nikakata simu, mikono inatetemeka.

Na toka siku ile ndo nimekiona kipindi kilivyo. Angalieni vizuri wale majirani. Kila mara yupo jirani au rafiki aliyekuwa anamnunulia marehemu mahitaji, anamfulia, anaongea dakika mbili tatu kwa upole, kisha haonekani tena, kamera imeshahamia kwa binamu. Najua sheria ndo ilivyo, bila wosia mali inafuata mwenzi wa ndoa, watoto, wazazi, ndugu, inashuka hivyo hivyo mpaka kwa wajomba na mashangazi na watoto wao. Hata mliyeishi naye miaka na miaka bila ndoa hana fungu lake hapo, inabidi aende mahakamani kuomba kwa sheria ya 1975 ya familia na wategemezi wa marehemu. Sawa, sheria si ya BBC. Ila kwanini yule jirani asiulizwe anajisikiaje? Swali moja tu.

Halafu ule mkataba. Kwenye vipindi nilivyoona mimi nasikia kamisheni, kamisheni, lakini sikumbuki hata mara moja mama wa watu anawekewa karatasi mezani na asilimia ikasomwa kwa sauti. Mnaona chai, mnaona mti wa ukoo, mnaona thamani ya nyumba kwa herufi kubwa kwenye kioo. Karatasi hamna. Na hii kazi haina leseni ya serikali, mtu yeyote anaweza kuamka akaifanya.

Ila hapa ndo nashindwa kukitukana moja kwa moja, maana ni hicho hicho kipindi kilichonifundisha kwamba orodha ilikuwa ya wazi. Wakati huo ilikuwa kwenye tovuti ya serikali, bure, na ilikuwa inabadilishwa karibu kila siku ya kazi. Nikakaa kwenye kompyuta nikatafuta jina la ukoo wa mama kabla hajaolewa. Lilikuwepo! Binamu yake upande wa baba, walipotezana ujanani, mama akalisoma jina akaniangalia akashindwa kuongea. Tukakusanya vyeti wenyewe, tukachora mti wa ukoo, tukatuma dai wenyewe, na kudai hakuna ada, unalipia vyeti tu. Na muda upo, ni miaka 12 toka serikali imalize kusimamia mali, na wanaweza kupokea dai hata baadaye mpaka miaka 30 toka kifo, ila huko mwisho bila riba. Sasa yule kijana alikuwa ananiharakisha nini?

Mume wangu anasema nisiwe mkali hivyo, bila ile simu tusingejua kitu. Ni kweli. Na wapo warithi wasiojua kupekua rejesta wala hawana nguvu, hao kampuni nzuri inawafaa, na kuna watafiti kwenye kipindi ambao unaona kabisa wanamheshimu marehemu. Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota nne. Nikaandika nne. Halafu nikakumbuka "si wa damu" nikafuta.

Mbili. Wakionyesha ile karatasi mezani, na asilimia yake, na mkwe aliyekaa pembeni akiruhusiwa kuuliza, nitaongeza.