Uzoefu wangu na mazabodi ya MSI B650 Tomahawk: mataa weka pembeni, uliza umeme

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo ukasema unatafuta mazabodi ya mashine ya gemu (ile bodi kuu inayobeba vipande vyote), kitu cha kwanza kuonyeshwa ni mataa. Muuzaji anaichomeka, inawaka rangi zote za harusi, halafu anakwambia, "Kaka, hii ndiyo vijana wanaigombania." Nikimuuliza sehemu inayogawa umeme kwenda kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, ikoje, ananiangalia kama nimemuulizia umri wa mama yake.

Mimi nilichukua MSI MAG B650 Tomahawk WiFi, na nimeitumia vya kutosha kuisemea. Haina mbwembwe. Ni nyeusi tii, ina vipoza joto vinene vya chuma juu na pembeni mwa soketi, pale prosesa inapokaa, basi. Na hivyo vipoza joto ndivyo vilivyonifanya nifungue pochi.

Dar kuanzia Desemba hadi Machi ni jasho, na chumba changu hakina kiyoyozi. Umeme unaotoka kwenye pawasaplai ni volti 12, lakini prosesa inataka volti moja na ushee tu, tena bila kuyumba. Kazi ya kuushusha inafanywa na sehemu ambayo mafundi wanaiita VRM, na hapo ndipo bodi za bei chee zinapobana matumizi. Zikichemka, prosesa inapunguzwa kasi ili bodi isiungue, na wewe unabaki kulalamika kuwa gemu linakwama. Tomahawk imepewa njia 14 za kulisha prosesa, kila moja ikimudu ampea 80. Prosesa yangu ni Ryzen 5 7600, ambayo hata ikikamuliwa haizidi wati 88 au karibu na hapo. Kwa hiyo bodi inafanya kazi huku imekunja nne. Baada ya usiku mzima wa gemu la mpira la FC na marafiki, nimegusa kile chuma kwa kidole: kina uvuguvugu, unaweza kukishika ukaendelea na stori.

Sababu ya pili ni soketi yenyewe, AM5. AMD, wanaotengeneza prosesa za Ryzen, waliitoa 2022 na wameahidi kuendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Ahadi za kampuni kila mtu anazijua, ila hawa wana rekodi: AM4, soketi yao iliyotangulia, iliingia sokoni kwa kishindo 2017 na hadi 2024 bado walikuwa wanaitolea prosesa mpya. Maana yake leo naweza kukaa na 7600, pesa ikipatikana nikachomoa nikaweka prosesa kali zaidi ya 9800X3D bila kununua bodi nyingine wala RAM (kumbukumbu ya muda) nyingine. Kwetu huku, mtu ananunua kompyuta vipande vipande kadiri hela inavyoingia, kwa hiyo hilo ni jambo kubwa.

Sasa jiandae na siku ya kwanza ya kuwasha. RAM za kizazi cha DDR5 kwenye AM5 zinapimwa kwanza na bodi, na muda wote huo skrini ni giza totoro. Feni zinazunguka, hakuna kinachoonekana. Wengi hapo wanazima, wanawasha, wanazima, kisha wanampigia fundi. Ukingoni mwa bodi kuna vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kwangu kile cha DRAM kiliganda pale dakika kadhaa, kisha kikazimika, vingine vikapokezana, na skrini ikaamka. Vitaa hivyo vinne vina faida kuliko mapambo yote ya rangi, maana mashine ikigoma unajua pa kuanzia. Na kama una RAM mbili, ziweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Nyuma kuna kitufe cha Flash BIOS; BIOS ni programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine. Unachukua flashi iliyofomatiwa FAT32, unalipatia faili la BIOS jina MSI.ROM, unachomeka kwenye tundu lililowekwa alama, unabonyeza. Prosesa hata isiwepo, kazi inafanyika. Hii ni dawa kwa sisi ambao umeme wa mtaani unakatika bila hodi: BIOS ikiharibika katikati ya kusasishwa, unairudisha mwenyewe. Hata hivyo mimi siigusi BIOS bila UPS, ile betri ya akiba. Na ukinunua bodi iliyolala sana stoo, isasishe mapema. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye bodi za makampuni tofauti, na AMD wakatoa marekebisho ya kuzuia volti ya SoC, sehemu mojawapo ya ndani ya prosesa, isivuke 1.3.

Kasoro? Inawaka taratibu kuliko mashine yangu ya zamani ya DDR4. Ukiwasha Memory Context Restore kwenye BIOS, ili bodi ikumbuke vipimo vya RAM, inachangamka. Ni kubwa, ATX kamili, usiilazimishe kwenye kesi ndogo. Na bei yake si ya kila mtu. Kama unacheza FC na GTA V tu, chukua bodi ya B550 (ya AM4) na Ryzen 5 5600, chenji peleka kwenye kadi ya grafiki. Hutajuta.

Yangu shemeji aliniletea kutoka Dubai, kule Bur Dubai. Bei ilikuwa nzuri, lakini dhamana nayo imebaki kulekule; ikifa, nitafute tena mtu wa kusafiri. Kabla ya hapo, duka moja la hapa mjini lilitaka kuniuzia bodi ya AM5 kama "mpya" wakati kifuniko cha plastiki cha soketi hakipo. Kifuniko hicho hutoka kiwandani na bodi, na kinaruka chenyewe ukifunga prosesa mara ya kwanza. Kwenye AM5 pini ziko kwenye bodi, 1718, nyembamba kama nywele. Niliinua mkono wa soketi nikamulika kwa tochi ya simu: kona moja zilikuwa zimelala. Muuzaji akasema, "Hizo zinanyooshwa kaka, haina shida." Nikamrudishia boksi lake.