Mashine ya masikio: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wengi wanaotafuta mashine ya masikio huanza kwa kuuliza kama ipo ndogo isiyoonekana. Swali hilo limewatia watu hasara kubwa. Uliza kwanza nani ataipanga mashine ilingane na usikivu wako, nani ataitengeneza ikizima, na betri zake utazipata wapi. Nimezipanga aina zifuatazo kwa ajili ya mtu mzima anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, penye jasho, unyevu wa bahari na umeme wa kukatika. Mazingira hayo ndimo ninamovalia zangu.

Kabla hujatoa pesa, pima. Daktari wa masikio, pua na koo aangalie kwanza, maana wako waliodhani usikivu umekwisha kumbe ni nta imeziba tundu. Kisha ufanyiwe kipimo cha usikivu kwenye chumba kisichoingiza sauti, kuanzia sauti nzito ya hezi 250 hadi nyembamba ya hezi 8000, na uondoke na nakala ya mchoro wake. Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, usikimbilie duka: hiyo ni dharura ya hospitali, na matibabu yakichelewa nafasi ya kupona hupungua. Mvumo wa masikioni unaofuata mapigo ya moyo, au ulio sikio moja tu, nao ni wa kupeleka kwa daktari.

Nafasi ya kwanza: ya nyuma ya sikio, yenye moldi

Hii ndiyo ningemnunulia mzazi wangu. Mashine hukaa nyuma ya sikio, na mrija hupeleka sauti kwenye moldi, yaani plastiki iliyochongwa kwa umbo la sikio lako mwenyewe. Inawafaa wenye upungufu mdogo hadi mkubwa sana. Nta haifiki kwenye mitambo, na mrija ukikakamaa unabadilishwa huo peke yake. Kwa mtoto sioni sababu ya kutazama nyingine: sikio likikua, unachonga moldi mpya na mashine inabaki ileile.

Chagua inayotumia betri namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Hudumu kama wiki moja hadi mbili, na ni kubwa kiasi cha kushikika na vidole vya mzee. Namba 675 ya buluu ni ya mashine zenye nguvu zaidi. 312 ya kahawia na 10 ya njano ni ndogo na huisha upesi. Betri hizi hufanya kazi kwa hewa. Ukibandua kibandiko, iache dakika moja au mbili kabla ya kuiingiza. Ikishabanduliwa, hata ukirudisha kibandiko itaendelea kuisha. Usinunue za mwaka mzima kwa mkupuo, na soma tarehe ya mwisho kwenye pakiti.

Mashine ikipiga mluzi, usikubali haraka kuambiwa ni mbovu. Mara nyingi moldi imelegea, au nta imejaa.

Nafasi ya pili: yenye spika ndani ya tundu

Ni nyepesi, na humfaa sana anayesikia sauti nzito vizuri lakini "s", "f" na "sh" zinampotea, hata aseme watu wanamung'unya maneno. Kofia yake ya mpira haizibi tundu lote, kwa hiyo sauti yako mwenyewe haikuvumi kichwani. Nimeiweka ya pili kwa sababu ile spika ipo palepale penye nta na jasho. Ukichukua ya kuchaji, hakikisha kikasha chake kinatunza chaji ya akiba kwa siku ambazo umeme umekatika.

Nafasi ya tatu: zinazouzwa bila cheti cha daktari

Marekani iliruhusu mauzo ya namna hii Oktoba 2022, kwa watu wa miaka 18 kwenda juu wenye upungufu mdogo au wa kati. Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya huko ikaidhinisha pia programu inayozigeuza AirPods Pro 2, spika ndogo za masikioni za kampuni ya Apple, kuwa kisaidizi cha kusikia. Ndugu walioko huko wanaotaka kutuma zawadi wanauliza sana habari hii. Jibu langu: zinafaa kama mhusika anaimudu simu janja na usikivu wake haujashuka sana. Hakikisheni kwanza kuwa programu hiyo inafunguka katika nchi anayoishi. Kwa mtoto, hapana.

Ile ndogo ya ndani kabisa ni ya nne. Betri yake ni ya siku chache, nta huiziba, na mikono inayotetemeka haiiwezi. Ya tano ni ya kisanduku cha mfukoni chenye waya: nguo huikwaruza, ila vitufe vyake ni vikubwa.

Usinunue kabisa: vikuza sauti vya bei chee

Hukuza kila kitu sawasawa, sahani na honi pamoja na sauti ya mjukuu, na vingine havina kikomo cha ukali. Vinaweza kuumiza usikivu uliobaki.

Kwa wenye masikio yanayovuma

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuondoa mvumo huu, kwa hiyo zihurumie pesa zako. Ukiwa na mvumo pamoja na upungufu wa usikivu, mashine iliyopangwa vizuri mara nyingi hupunguza usumbufu, kwa kuwa sauti za nje zinarudi na mvumo haubaki peke yake. Baadhi zina sauti laini ya kuufunika. Usiku, feni au redio ya chini husaidia kuliko kimya kitupu.

Kama hata mashine yenye nguvu haikupi maneno, uliza kuhusu kipandikizi cha sikio la ndani, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza upasuaji huo 2017.

Siku ya kulipa, bei iandikwe pamoja na moldi, dhamana, muda wa kujaribu na ziara za kurekebisha, kwani ubongo huchukua wiki kadhaa kuzoea. Mtaalamu apime sauti inayotoka kwenye mashine kwa maikrofoni nyembamba ndani ya tundu la sikio lako. Dai pia kopo la kukaushia lenye vidonge vya kunyonya unyevu: kila usiku toa betri, weka mashine humo, ufunike.