Laptopu iligoma kuwaka na tasnifu ya mume wangu imo ndani: uzoefu wangu na Linux Mint, ddrescue na PhotoRec

Laptopu haikufa kwa kishindo. Usiku niliizima ikiwa nzima, asubuhi ikawa inaonyesha nembo, vidoti vinazunguka, kisha skrini ya buluu inayodai inajitengeneza, halafu inajizima na kuanza tena. Nembo, vidoti, buluu. Niliizima na kuiwasha kama mara kumi na tano kabla sijakisikia kile kisauti: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyofunikwa blanketi. Hapo ndipo nikaacha, na nilikuwa nimeshachelewa, maana kila nilipoiwasha niliichosha diski iliyokuwa hoi.

Ndani mlikuwa na picha na ankara zangu za kazi, lakini kilichonitoa jasho ni tasnifu ya mume wangu. Mashine tunatumia moja. Nilipomwambia, hata hakushtuka. "Tulia mke wangu, bakapu ninayo." Iko wapi? "Kwenye D." Sasa, C na D kwenye laptopu kama yetu ni vyumba viwili vya nyumba moja. Paa likiporomoka, halichagui chumba.

Ile skrini ya buluu ilinipa chaguo la kuirudisha Windows upya, ikiniahidi kwamba mafaili yangu hayataguswa. Sikubonyeza. Diski ikiwa nzima ahadi hiyo inaweza kutimia, lakini kusakinisha Windows ni kuandika gigabaiti nyingi juu ya diski, na diski inayotiktika haifai kuandikiwa hata herufi moja. Kwa sababu hiyohiyo sikuigusa chkdsk, ingawa kila mtu niliyemuuliza aliitaja kwanza. Chkdsk kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa mafaili ili Windows iridhike. Mafaili yako yakipotea katika kunyooshwa huko, shauri yako.

Nilianza na Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi. Niliipakua kwa kompyuta ya kuazima, nikaiandika kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya balenaEtcher (flashi inafutwa yote, kwa hiyo toa vyako kwanza), nikaichomeka kwenye laptopu mgonjwa na kubonyeza F12 mfululizo ili niwashie kwenye flashi. Mashine nyingine hutaka F9, nyingine Esc. Baada ya muda kidogo desktopu ikatokea, bila kusakinisha chochote. Kuna alama ya kusakinisha pale juu ya desktopu, usiiguse. Kama tatizo lako ni Windows tu iliyovurugika na diski ni nzima, basi umemaliza: fungua diski, buruta mafolda kwenye diski ya nje, nenda kalale. Kwa kazi hiyo naipa Mint nyota tano bila kusita.

Mimi sikubahatika hivyo. Picha zilianza kuhama vizuri, kisha kwenye folda moja kasi ikashuka hadi sifuri, tik tik ikaanza, na ujumbe wa kosa ukatokea. Nikafungua programu ya diski iliyomo ndani ya Mint kuangalia afya yake. Ikaniandikia kwamba diski iko sawa, ina sekta mbovu 216, yaani vipande vidogo vya diski visivyosomeka. Sawa gani hiyo? Ni kama kuambiwa mgonjwa hajambo ila hapumui. Tangu siku hiyo silitazami neno "sawa", natazama idadi ya sekta.

Niliitoa diski. Bisibisi ndogo, skrubu kumi, kifuniko cha chini, dakika ishirini na kucha moja. Ilikuwa diski ya kuzunguka ya inchi 2.5, GB 500, na kebo ya kuigeuza SATA (plagi ya diski hiyo) kuwa USB ndicho kitu pekee nilichonunua katika safari hii yote. Angalizo kwa wenye diski ndogo nyembamba za M.2: kuna za SATA na kuna za aina nyingine, NVMe. Zinafanana kama pacha lakini kava ya USB ya moja huenda isisome nyingine, kwa hiyo soma lebo kabla hujanunua.

Hapa nakiri kosa. Kabla ya kuijua ddrescue nilijaribu programu moja ya kulipia, jina lake naliacha. Ilichimba moja kwa moja kwenye diski mgonjwa kwa saa nyingi, ikanionyesha orodha nzuri yenye vijipicha, kisha ikasema lipa ndipo uhifadhi. Kutaka hela si dhambi, watu wanafanya kazi. Kilichoniuma ni kwamba haikuniambia popote kwamba diski inakufa wakati yenyewe inaendelea kuisugua.

ddrescue inafanya kinyume. Haijali mafaili wala majina yake, inainakili diski nzima kuwa faili moja kubwa. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikikwama inaruka na kusonga mbele, kisha inarudi taratibu kwenye yale maeneo magumu. Yaani inaokoa kilicho karibu na mlango kabla ya kuingia chumba kinachoungua. Ni ya bure, ya mradi wa GNU, na haina sura kabisa: ni dirisha jeusi na amri unayoandika kwa mkono. Kwenye Mint kifurushi chake kinaitwa gddrescue lakini amri ni ddrescue. Ipo pia nyingine inayoitwa dd_rescue, yenye mstari katikati, ambayo ni programu tofauti. Nilipoteza jioni nzima nikisoma maelekezo ya moja huku nikiendesha nyingine.

Mambo mawili yalinitetemesha. Kwanza, ukigeuza chanzo na mwisho kwenye amri, unaifuta diski unayotaka kuiokoa. Nilikagua kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizochomekwa, mara tatu, nikilinganisha ukubwa: hii 500 ndiyo mgonjwa, hii ya TB 1 ndiyo kitanda. Pili, diski ya kupokelea isiwe imefomatiwa kwa mpangilio wa zamani wa FAT32, kwa sababu FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, na lako litakuwa la GB 500.

Usiku wa kwanza nilisahau kuzuia kompyuta isilale. Asubuhi nikaikuta imelala, kazi imesimama, nami nusura nilie. Kumbe ddrescue huandika ramani ya ilipofika, mradi umeipa jina la faili la ramani kwenye amri. Nikaandika amri ileile, ikaendelea palepale ilipoachia. Kwa hili tu naisamehe sura yake yote. Siku ya tatu ikafika asilimia 99.98.

Nikalifungua lile faili kubwa kwenye Mint kwa kusoma tu, na folda zote zikatokea na majina yake, C na D. Mume wangu akavuta kiti. Tukabofya tasnifu. Faili limeharibika. Ile bakapu ya kwenye D ilifunguka vizuri, ila ilikuwa ya miezi saba nyuma. Kimya kilichofuata sitakisimulia.

Kumbe asilimia 0.02 ya GB 500 ni kama MB 100, na sehemu ya hizo ilikuwa imekaa katikati ya tasnifu.

Ndipo nikaileta PhotoRec. Jina linasema picha lakini inatambua mamia ya aina za mafaili, zikiwemo nyaraka za Word. Inatafuta alama za mwanzo wa kila faili hata kama limeshafutwa, na niliiendesha juu ya nakala, si juu ya diski yenyewe. Word ikihifadhi, huandika faili jipya na kulitupa la zamani, kwa hiyo matoleo ya nyuma hubaki yametapakaa kwenye diski ya kuzunguka hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, usitegemee sana bahati hiyo, kwa sababu amri iitwayo TRIM husafisha vilivyofutwa.

Ubaya wa PhotoRec ni kwamba majina yote yanapotea. Tulipata nyaraka 1,900 na ushee zinazoitwa f pamoja na tarakimu. Tulizipanga kwa ukubwa, kwa kuwa tasnifu ina michoro na ni nzito, tukaanza kufungua kutoka juu. Ya kumi na moja ilikuwa toleo la siku tisa kabla ya ajali. PhotoRec naipa nyota nne, na hiyo moja niliyoikata ni ya macho yangu.

Mwezi uliofuata mdogo wangu akaniletea laptopu yake, mpya zaidi, Windows imegoma. Flashi ya Mint ikawaka vizuri, lakini kugusa diski ikadai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski, tarakimu 48. Alikuwa hajui kama diski yake imefungwa. Tuliukuta kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, nikauandika polepole, diski ikafunguka. Asingekumbuka nywila ya akaunti, ningemrudishia laptopu yake kama alivyoileta.

Kama diski haionekani kabisa kwenye mashine yoyote, au inagonga badala ya kutiktika, haya yote hayakuhusu; hiyo ni ya maabara ya kufungulia diski, na kila ukiiwasha unawapunguzia nafasi ya kufanikiwa.

Mume wangu aliandika upya kurasa sita. Anasema mpya ni nzuri kuliko zile za mwanzo, nami sibishi.