Kumfasiria Shangazi Kimi no Na wa: Uzoefu Wangu

Filamu ya katuni ya Kijapani Kimi no Na wa, yaani "Jina lako", iliongozwa na Makoto Shinkai na kutoka mwaka 2016. Niliilipia mtandaoni mwezi uliopita na kuitazama nyumbani kwetu Mkomani, hapa Lamu, pamoja na shangazi yangu, ambaye hasomi Kiingereza kinachopita chini ya skrini. Ilinibidi nimfasirie kila neno huku yeye akishona vito (vijitundu vya nakshi) vya kofia, na kazi hiyo ilinifunza mwendo wa filamu hii kuliko ambavyo ningejifunza kwa kutazama peke yangu: palipokwenda mbio ulimi wangu ulishindwa, na palipotulia nilinyamaza nikamwachia aone mwenyewe. Asiyeitazama bado ajue kwamba nitaeleza yanayotokea katikati.

Mwanzo wake ni wa kuchekesha. Mitsuha, msichana wa shule katika mji mdogo wa milimani uitwao Itomori, anaamka akiwa ndani ya mwili wa Taki, mvulana wa Tokyo, naye Taki anaamka ndani ya mwili wa Mitsuha. Wanaachiana maagizo kwenye simu na kugombana, kwa kuwa msichana anamaliza pesa za mwenzake kwa kula keki. Shangazi alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Hata hivyo, hapo ndipo ninapoona kasoro iliyo kubwa kuliko zote, kwa sababu siku hizo za kubadilishana miili, ambazo ndizo zinazozaa mapenzi, zimebanwa ndani ya wimbo mmoja wa bendi ya RADWIMPS, na picha zinapita upesi kiasi kwamba nilipofasiri ujumbe mmoja mingine ilikuwa imekwisha kupita. Shangazi akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyu kampendea nini mwenziwe?"

Sisemi kwamba ufupi ni kosa. Filamu ya Up ya mwaka 2009, ambayo shangazi aliwahi kuitazama, inapitisha ndoa nzima ya Carl na Ellie kwa dakika chache bila mazungumzo, na tunaelewa kila kitu kwa sababu kuna kibuyu cha kioo cha akiba ya safari, ambacho kila mara kinavunjwa kwa dharura: gurudumu la gari, mguu uliovunjika, paa lililoangukiwa na mti. Hapo kila picha inaongeza uzito juu ya ile iliyotangulia, ilhali katika wimbo wa Kimi no Na wa picha zinaongeza idadi tu.

Jibu la swali la shangazi lilikuja baadaye, filamu ilipopunguza mwendo. Taki, akiwa katika mwili wa Mitsuha, anapanda mlima pamoja na bibi wa msichana huyo, na anapoona mzee amechoka anainama na kumbeba mgongoni. Bibi anamweleza kuhusu nyuzi zinazosukwa, zinazotatizika, zinazokatika na kuunganishwa tena. Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika, naye anajua mambo ya uzi.

Kisha mambo yanageuka. Mabadilishano yanakoma ghafla, na Taki anauchora mji ule kwa kumbukumbu na kwenda kuutafuta. Anapofika, anakuta ziwa limemeza mji, kwani kipande cha nyota yenye mkia kiliuangukia miaka mitatu nyuma, na maandishi ya Mitsuha yaliyomo simuni mwake yanavurugika na kufutika mbele ya macho yake. Sikuwa na neno la kufasiri. Shangazi aliweka kofia mapajani. Wakati huohuo adhana ya magharibi ikalia, tukasimamisha filamu na kwenda kusali.

Niliporudi nilikuwa na hofu kwamba huzuni ile ingeonekana imepachikwa juu ya kichekesho. Haikuwa hivyo, kwa sababu filamu ilikuwa imeitayarisha mapema: nyota ile inaonekana tangu picha za kwanza, uzi wa Mitsuha uko kwenye mkono wa Taki kabla hatujajua umefikaje, na darasani mwalimu anafundisha neno la kale la saa ya utusitusi, ambapo mtu huuliza "nani yule?", ndipo mwanafunzi anapotaja neno la lahaja ya kwao, kataware-doki. Sisi wenye Kiamu, lahaja ya Lamu, tunajua thamani ya mji mdogo kuwa na neno lake. Neno hilohilo linarudi juu ya mlima, pale wawili hao wanapoonana uso kwa uso, na kwa kuwa sote tulilelewa tukiitwa ndani magharibi, saa ambayo wazee walisema hatuko peke yetu, shangazi hakuhitaji kuelezwa kwa nini ni wakati huo tu. Mazungumzo yao ni madogo, ya kutaniana, hayana haraka hata kidogo, mpaka kalamu inapoanguka, Mitsuha akiwa ametoweka. Naziona hizo kuwa dakika bora za filamu yote.

Baada ya hapo mbio zinaanza tena, na safari hii zimegharimu zaidi. Mitsuha, ambaye yuko miaka mitatu nyuma ya Taki na kwake nyota bado haijaanguka, anakwenda kumsihi baba yake, ambaye ni meya, awahamishe watu, lakini filamu inakata kabla hatujasikia alilomwambia. Baba na binti waliokuwa wameachana kwa miaka walistahili mazungumzo yao.

Nashauri itazamwe kwa sauti ya Kijapani. Siku iliyofuata shangazi alinitaka niurudishe ule wimbo, nisimamishe picha kila ujumbe unapotokea. Dakika zile chache zilituchukua birika zima la chai ya tangawizi, na upande mmoja wa kofia ukaisha kushonwa.