Unukuzi wa kifonetiki au wa kifonimu: utumie upi?

Wa kwanza huonyesha sauti jinsi zinavyotamkwa hasa, na huandikwa ndani ya mabano mraba [ ]; wa pili huonyesha fonimu tu, yaani sauti zinazotofautisha maneno, na huandikwa kati ya mikwaju / /. Kosa la kawaida ni kuchanganya alama hizo, na hapo msomaji hajui unadai nini.

Chukua "baba" na "mbuzi". Kifonimu ni /baba/ na /mbuzi/, b ni ileile. Kifonetiki, wasemaji wengi wana [ɓaɓa], hewa ikivutwa ndani kidogo, lakini baada ya m ni [b] ya kawaida. Kwa kamusi tofauti hiyo ni mzigo tu. Kwa anayechunguza matamshi, ndiyo habari yenyewe.

Kwa kazi, wa kifonimu ni mwepesi: alama chache, na karibu zote zimo kwenye kibodi. Wa kifonetiki hudai rekodi safi, kurudia kipande mara kadhaa, na fonti inayobeba alama zote.

Kuaminika ni suala jingine. Katika unukuzi wa kifonetiki, wanukuzi wawili hutofautiana kirahisi kuhusu mpumuo (pumzi inayotoka baada ya konsonanti) au urefu wa irabu. Ila wa kifonimu nao una mtego: unategemea uchambuzi uliokwisha kufanywa. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, "paa" ya nyumba na "paa" mnyama hutofautishwa na mpumuo, /paa/ na /pʰaa/. Ukikopa orodha ya fonimu ya Kiswahili Sanifu, umeifuta tofauti hiyo.

Lahaja isiyochambuliwa? Anza na mabano. Kamusi au kitabu cha sarufi? Mikwaju inatosha.