Kiti cha neti cha mtumba, kwa joto la Mombasa kinalipa

Kazi yangu ni kuingiza makaratasi ya mizigo ya bandarini kwenye kompyuta, ofisi ndogo tu hapa Mwembe Tayari, kutwa nimekaa. Kiti cha mwanzo kilikuwa cha ile plastiki inayojifanya ngozi, sasa kaskazi ikishika hata feni iwe namba tano mgongo unalowa chapachapa, ukiinuka shati limeganda kwa kiti, na kiuno wallahi usiku kugeuka kitandani ni shughuli.

Nikapata hiki cha neti duka la mtumba, walitaka elfu nane tukavutana mpaka sita na nusu. Upepo unapita mgongoni, hiyo pekee ilinitosha, na kuna kile kimto cha kiuno unakipandisha mpaka kikae pale mgongo unapobonyea, unaskia umeshikwa kweli.

Kasoro sasa. Gesi ilikuwa imekufa, asubuhi uko juu kama hakimu ikifika adhuhuri ushazama kidevu kinakaribia meza, ikabidi fundi abadilishe silinda. Halafu mimi mfupi, nikikiweka viwiko viwe sawa na meza miguu inaning'inia, ule ukingo unabana chini ya mapaja mpaka ganzi. Nikaleta mbuzi ya nyumbani, ile iliyong'oka meno haikuni tena nazi, ndio nakanyagia. Wenzangu wanacheka lakini ganzi imeisha. Na skrubu zipake grisi mapema, hii hewa yetu ya chumvi haiachi chuma salama.

Shingo usitegemee kiti. Laptopu nimeiinua juu ya mafaili ya zamani mpaka ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, kibodi na mausi nikanunua za kando. Na kiti hakikutembezi bana, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mimi nikitoka nazimaliza kule Mama Ngina kando ya bahari, ingawa mihogo ya pale na pilipili yake inanirudisha nyuma.

Ukienda kununua, kipandishe mpaka juu ukikalie hapo hapo dukani unywe soda polepole, kikianza kushuka ndio unataja bei yako.